Gadi hulinda injini, mguu wako utaulinda mwenyewe

Pita kwenye steji yoyote ya boda kuanzia Ng'ombeni hadi Lunga Lunga, na utazame pikipiki kabla ya kumtazama mwenye nayo. Utajua mara moja ipi ni ya kijana na ipi ni ya baba mwenye watoto wanne. Ya mzee iko karibu vile ilivyotoka dukani: gadi nyembamba mbele, kiti kilichoshonwa upya mara mbili, kamba ya mpira nyuma. Ya kijana imepambwa kama bibi harusi. Taa za rangi, vioo vinne, maneno ya mapenzi au ya vitisho kwenye madigadi, na pale mbele bomba la chuma limekunjwa na kutanuliwa kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Juu ya bomba hilo kuna vikanyagio viwili vya kupachikia miguu mwenye nduthi akishika barabara kuu.

Bomba hilo ndilo nataka tuliongelee. Kuna wanaoliita gadi, kuna wanaoliita bampa. Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyeupenda aanze kukasirika mapema: gadi ni kifaa kizuri na kila pikipiki ya kazi huku kwetu inastahili kuwa nayo, lakini vile vijana wengi wa Kwale wanavyoifunga, na vile wanavyokalia pikipiki baada ya kuifunga, inawatafutia ulemavu. Vile vikanyagio vya mbele, kwa barabara yetu na kwa breki zetu, ni afadhali pesa yake ukanunulie mahamri.

Tuanze na kazi yenyewe ya gadi. Pikipiki haianguki kwa kugongana tu. Huanguka ikiwa imeegeshwa kwenye mchanga na stendi ikazama. Huanguka ukigeuza kwenye njia za kushukia ufuoni Diani, mahali mchanga umefunika lami. Huanguka kwenye tope la Kikoneni wakati wa masika, ukiwa na gunia la makaa nyuma na mwendo wako haufiki hata wa mtu anayetembea. Katika maanguko hayo madogo madogo, gadi ni mkombozi. Inagusa chini kwanza, na uzito wa pikipiki unalalia chuma badala ya kulalia kifuniko cha klachi kilicho upande wa kulia, mkono wa gia ulio kushoto, pedali ya breki na tangi. Kifuniko cha injini kikipasuka, oili inamwagika, na siku yako ya kazi imekwisha hapo hapo. Gadi ikichubuka rangi, unainua pikipiki, unajipangusa, unaendelea. Kwa hiyo anayesema gadi ni urembo mtupu hajawahi kuinua pikipiki iliyolala ikiwa na kreti mbili za soda.

Shida inaanza kijana anapoona gadi na kudhani ni ya kulinda miguu. Hapo tumechanganya mambo mawili.

Mtindo wenyewe tumeuona kwa wenye pikipiki kubwa za safari. Wikendi, hasa ile yenye sikukuu Jumatatu, wanateremka kutoka Nairobi kwa makundi, na tangu barabara ya Dongo Kundu ilipofunguliwa wanafika Diani bila kupanga foleni ya feri pale Likoni. Wanaegesha mahali pa chakula, sisi tunazunguka tukipiga picha. Pikipiki zile zina gadi nene, na baadhi zina vikanyagio vya mbele. Lakini hebu tuulize kwa nini. BMW imekuwa ikitengeneza pikipiki zenye silinda mbili zilizochomoza kulia na kushoto tangu 1923, na injini za namna hiyo ndizo huitwa "boxer". Honda Gold Wing, iliyoanza kuuzwa miaka ya sabini, nayo silinda zake zimelala ubavuni. Pikipiki kama hiyo ikianguka, kitu cha kwanza kufika chini ni injini. Lazima iwe na chuma cha kuizunguka.

Boxer yetu ni Boxer kwa jina tu. Silinda yake ni moja, imesimama wima katikati, nyembamba, imejificha chini ya tangi. TVS vivyo hivyo. Haihitaji pembe za nusu mita kila upande. Gadi inayotosha kuzuia kifuniko cha injini na pedali visiguse ardhi imetosha, na hiyo huwa si pana kuliko usukani.

Sasa tuje kwenye mguu, maana huko ndiko watu hawapendi kusikia.

Kuna utafiti mmoja wa zamani ambao mpaka leo haujapitwa katika somo hili. Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California na wenzake walichunguza ajali 900 za pikipiki mjini Los Angeles, wakifika pale pale ajali ilipotokea, wakipima alama za matairi na kuandika kila jeraha. Juu ya hizo walipitia ripoti 3,600 za polisi. Matokeo yalitolewa mwaka wa 1981. Kuhusu gadi, walikuta kwamba haziwapunguzii watu majeraha kwa jumla. Kifundo cha mguu na wayo viliumia kidogo zaidi, ni kweli, lakini nafuu hiyo ilifutwa na majeraha yaliyoongezeka kwenye muundi, goti na paja. Yaani unaokoa kidole, unalipa kwa goti. Utafiti huo huo uliona helmeti kuwa kinga iliyozidi nyingine zote. Nitarudi kwa helmeti, usijali, si kwa urefu.

Ukifikiria jinsi ajali inavyotokea, matokeo hayo hayashangazi. Bampa ya gari dogo iko karibu na kimo cha muundi wako. Ikikupiga ubavuni, inakutana na gadi. Gadi ikiwa nyembamba inapinda kwenda nyuma, na nyuma yake kuna nini? Kuna mguu. Ikiwa nene na imechomelewa kwa fremu, haipindi, lakini nguvu yote inaingia kwenye fremu, pikipiki inageuzwa kama chapati, na mguu unabaki kati ya chuma na lami. Halafu kuna kunasa. Gadi pana inanasa gadi ya mwenzako mkipishana, inanasa kona ya matatu, inanasa nguzo. Ukienda na pembe zako kwenye msongamano wa Ukunda siku ya soko, wanaochunwa miundi ni wapita njia, na hao hawakukuomba lifti.

Wavuvi wa Gazi na Msambweni wataelewa haraka nikisema hivi: gadi haifanani na mrengu wa ngalawa. Mrengu upo ili chombo kisipinduke. Gadi inangoja pikipiki ipinduke ndipo ianze kazi. Aliye kwenye ngalawa ana haki ya kuutegemea mrengu katikati ya bahari. Aliye juu ya Boxer akienda mwendo wa 80 hana cha kutegemea hapo mbele.

Vile vikanyagio sasa. Nimewasikiliza wanaovitetea na hawana hoja mbaya. Kijana anaamka saa kumi na moja alfajiri, anapeleka wafanyakazi wa hoteli, anarudi na wanafunzi, mchana anapeleka samaki, jioni anaanza tena. Magoti yanauma. Kiuno kinauma. Akipata abiria wa kutoka Ukunda mpaka Lunga Lunga anaona hii ndiyo nafasi ya kunyoosha miguu. Mmarekani aliyebuni kitu hiki alikuwa na shida hiyo hiyo: barabara imenyooka saa nzima, hakuna kona, hakuna mbuzi, goti limekauka. Akapachika kikanyagio mbele, akanyoosha mguu, akapumzika.

Lakini yeye alikuwa na barabara ile, sisi tuna hii. Kutoka Likoni mpaka Lunga Lunga ni kama kilomita 100 na hesabu mwenyewe ni wapi unaweza kupita kilomita tano bila kitu kuvuka. Kuna matuta. Kuna watoto wa shule wa Mwabungo. Kuna mama wa madafu. Kuna ng'ombe wanaovuka kwa mwendo wa wazee wa baraza. Kuna matatu inayoona abiria upande wa pili na kusimama bila taa. Ukipita Msambweni kwenda Ramisi barabara inanyooka, upepo unapuliza, miwa inakuja na kupita, na ndipo mtu anapandisha miguu yote miwili akaegemea nyuma kama yuko kwenye kiti cha kinyozi. Ndipo pia trekta la miwa linapochomoza kutoka njia ya shambani.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, pikipiki inakwenda mita 22 kwa sekunde moja. Pedali ya breki ya nyuma iko kulia, karibu na kikanyagio chako cha kawaida. Mguu ukiwa pale mbele kwenye gadi, itabidi uushushe, uurudishe nyuma, uitafute pedali, ndipo uikanyage. Tuseme inakuchukua sekunde moja, na hapo nimekuhurumia, maana umeshtuka na umevaa ndala. Hizo ni mita 22 za bure, urefu wa mabasi mawili, kabla breki haijaanza hata kufikiria.

Mtu ataniambia: "Si kuna breki ya mkono?" Ipo. Tena breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kwenye pikipiki yoyote. Lakini tuwe wakweli. Boxer nyingi za huku zina dramu mbele na nyuma, na vijana wengi wamefunzwa na mwenzao kwenye uwanja wa mpira kwamba breki ya mbele "inapindua watu", kwa hiyo maisha yao yote wanakanyaga ya nyuma. Wengine wameilegeza ya mbele kabisa. Sasa ukimtoa mtu huyo mguu wa kulia kwenye pedali, umemwachia nini? Honi.

Na kuna jambo la mkao. Miguu ikiwa kwenye vikanyagio vya kawaida, unaweza kujiinua kidogo kwenye tuta na magoti yakameza mshtuko. Unaweza kubana tangi kwa mapaja ukikwepa shimo. Miguu ikiwa mbele, uzito wote uko kwenye makalio, kila tuta linapanda moja kwa moja mpaka uti wa mgongo, na pikipiki unaiongoza kwa mikono peke yake. Kile kiuno ulichotaka kukipumzisha ndicho unachokiua.

Ukilazimika kunyoosha, nyoosha wa kushoto. Mguu huo una kazi ya gia tu na gia inaweza kungoja. Wa kulia usiondoke kwenye breki. Au fanya lile ambalo wazee wa steji hufanya bila kusoma utafiti wowote: simama Msambweni, shuka, kunywa chai ya tangawizi, tembea hatua ishirini, panda tena. Abiria hatakasirika, pengine yeye ndiye anayeumwa zaidi, na hana pa kunyooshea chochote.

Kwa nini nalipigia kelele jambo la vyuma? Kwa sababu ya kile kinachokuja baada ya mguu kuvunjika. Kila mwaka barabara za Kenya zinaua watu zaidi ya 4,000, na waendeshaji pikipiki na abiria wao ni sehemu kubwa ya hao. Wanaokufa tunawazika na kuwahesabu. Wanaovunjika hatuwahesabu vizuri. Hospitali nyingi nchini zina wodi ya mifupa ambayo kila mtu, hadi wauguzi, anaiita wodi ya boda boda. Mfupa wa muundi ukivunjika vibaya huchukua miezi kadhaa kuunga, na muda huo wote hukanyagi breki wala gia.

Pikipiki yenyewe nayo, mara nyingi, si yako bado. Ni ya mkopo. Malipo ni ya kila siku au kila wiki, na kule kwenye kompyuta ya mkopeshaji hakuna mahali pa kuandika "huyu yuko na plasta". Bima ya lazima uliyokata ni ya kumlipa mtu mwingine: yule uliyemgonga, na abiria ikiwa umekata ya kubebea abiria. Wewe mwenye usukani haikujui. Ukisikia mtu anasema "nina insurance", muulize insurance ya nani. Kwa kijana wa miaka 22 ambaye mali yake yote ni nguvu, mguu ndio shamba, ndio duka, ndio cheti. Hivyo akinunua chuma cha kuukinga ambacho hakiukingi, ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Basi tufanye nini, tung'oe gadi? Hapana. Tuzifunge vizuri, na hapa mafundi wetu wa jua kali wana neno la kujibu.

Jambo ambalo ningelipiga marufuku kama ningekuwa na uwezo ni kuchomelea gadi moja kwa moja kwa fremu. Fundi anapopitisha moto kwenye paipu la fremu, chuma cha pale kando ya mshono kinabadilika na kuwa dhaifu. Miezi miwili mitatu baadaye, kwa mtikisiko wa injini na matuta, ufa unaanza hapo, na ufa wa fremu si kama ufa wa sufuria. Gadi inatakiwa ifungwe kwa bolti na mabano ya chuma, kwenye zile sehemu fremu inapoishika injini, ili siku ikipinda uifungue, uitupe, ununue nyingine. Gadi inatakiwa ipinde kabla ya fremu kupinda. Ikiwa nene kuliko fremu, wewe umejenga nyundo, na fremu ndiyo inayopigwa. Na kama ni lazima kuchomelea kitu chochote kikiwa juu ya pikipiki, mwambie fundi angoje kwanza utoe waya za betri. Umeme wa mashine yake hauchagui njia, unaweza kupitia kwenye nyaya zako na kuunguza vitu vya bei.

Bolti zikiwa mpya, zirudie na spana baada ya wiki moja. Injini ya silinda moja hutikisika kuliko mama mkwe aliyenyimwa pilau, na nati hulegea zenyewe. Pima pia usukani: ukate mpaka mwisho kulia na kushoto, uone gadi haigusi kitu. Kanyaga breki, badilisha gia, ukiwa umevaa viatu vya kazini. Kuna gadi nimeziona Ukunda ambazo ukitaka kupandisha gia lazima uzungushe kifundo kama mcheza sarakasi.

Halafu sisi tuko pwani, na chumvi haina urafiki. Paipu la chuma cha kawaida linakula kutu kutoka ndani, mahali usipopaona. Kwa nje limepakwa rangi nyeusi inang'aa, ndani ni unga. Maji huingia kwenye ncha na kukaa pale paipu lilipojikunja chini. Mwambie fundi azibe ncha vizuri na atoboe katundu kadogo sehemu ya chini kabisa ili maji yatoke. Ni kazi ya dakika moja, na sijui kwa nini karibu hakuna anayeifanya. Ukiweza kupata chuma kisichoshika kutu, lipa hiyo tofauti.

Na tafadhali, gadi si rafu. Kwenye barabara za vumbi za Kinango, ambako maji hubebwa kwa pikipiki, utaona mitungi ya lita 20 imening'inizwa kila upande mbele. Mtungi mmoja ukijaa ni kilo 20, miwili ni 40, na imekaa mbele ya miguu, usukani umekuwa mzito, mahali pa kutolea mguu ukianguka hapapo. Wengine huvisha gadi turubai au mpira ili tope lisiwarukie. Naelewa, suruali ni pesa. Lakini injini hizi hupozwa kwa upepo. Yale mapezi kwenye silinda hayakuwekwa kwa urembo, yanahitaji hewa ipite. Ukiyafunika mchana kutwa kwa joto la Januari, ukapanda ule mlima wa Kombani kwenda Kwale mjini na abiria na mzigo, usije kumlaumu aliyekuuzia oili.

Kuna gadi nyingine ambayo hakuna anayeipiga picha, nayo kwa maoni yangu ni bora kuliko hii ya mbele. Ni ile ya nyuma, kando ya tairi. Pikipiki hizi nyingi zinatoka India, na kule sheria inataka kila pikipiki iwe na mahali pa abiria kushika, mahali pa kukanyaga, na kinga inayofunika angalau nusu ya tairi la nyuma ili nguo ya abiria isinaswe. Waliwafikiria wanawake waliovaa sari wakikaa upande. Sasa niambie ni wapi duniani kinga hiyo inahitajika kuliko Kwale, ambako nusu ya abiria wamevaa buibui au wamejifunga leso? Pikipiki inafika na kinga hiyo, halafu kijana anaing'oa. Ati inapiga kelele. Ati inazuia mzigo. Buibui likishikwa na tairi linamvuta mama chini kwa nyuma, na huko nyuma kinachotangulia ni kichwa.

Watoto wa shule ni hadithi hiyo hiyo. Wamepakiwa watatu, mshikaki, na wa mwisho miguu haifiki kwenye kikanyagio. Inaning'inia kando ya spoku. Kisigino cha mtoto kikiingia kwenye spoku kinachunwa kama ganda la ndizi, na daktari yeyote wa watoto ameshaiona. Kinga ya nyuma, na vikanyagio vya abiria vinavyokunjuka sawasawa badala ya kimoja kilichofungwa na waya, vingezuia mengi ya hayo. Na kuna kinga ya ekzosi pia, upande wa kulia. Ukitazama miguu ya wasichana wengi huku utaona lile kovu la duara chini ya goti. Kila mtu anajua limetoka wapi. Fundi anayeweza kukunja pembe za ng'ombe anaweza kukunja bati la kufunika ekzosi kwa saa moja.

Helmeti niliahidi haitachukua muda. Kanuni za pikipiki za mwaka wa 2015 zinakutaka uwe nazo mbili, yako na ya abiria. Najua joto, najua abiria hataki kuvaa ya watu, najua nyingine zimekuwa kofia za plastiki za kumridhisha karao tu. Lakini kijana aliyelipia gadi ya pembe, vikanyagio vya mbele na taa za buluu, halafu amevaa kofia ya timu ya mpira, huyo hana shida ya pesa. Ameanza kuvaa mwili kutoka upande usiofaa.

Nalimalizia kwa mafundi, kwa sababu hawa vijana wa boda hawatabadilika kwa makala. Watabadilika kile kinachouzwa kikibadilika. Leo ukienda kwa mafundi watatu pale Ukunda unapata gadi za vipimo vitatu, kila mmoja amekisia kwa jicho. Kaunti ya Kwale ina vyuo vya ufundi vinavyofunza kuchomelea, na wanafunzi wanamaliza wakiwa wametengeneza mageti na madirisha. Wape pikipiki moja, wapime, watengeneze kiolezo cha chuma, watoe gadi isiyozidi upana wa usukani, inayofungwa kwa bolti nne, yenye katundu chini, pamoja na kinga ya tairi la nyuma. Mafundi wa mtaani wakinakili kiolezo hicho, sawa, wanakili. Waanze na Boxer kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye steji, na mabano ya TVS yafuate muhula unaofuata.